Lenzi Iliyomkataa Bibi Harusi

Umati wa Kariakoo hauhitaji tarumbeta. Mtu akipandisha sauti mara moja tu mlangoni pa duka, muuza miwa anaacha kukamua, machinga anajitwika soksi zake begani, na mama wa vitumbua anasogeza beseni ili asipitwe na neno. Ndivyo Sitara Bakili alivyoukuta mtaa wa Aggrey mchana ule: watu wamejazana mbele ya duka la kamera la Yasser Nasor, wanachungulia vioo kama waliosikia mwali anatolewa nje.

Alijipenyeza kwa viwiko na salamu. Sitara alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mwanamke wa makamo aliyevaa sare za polisi miaka mingi kabla ya kugundua kwamba anapenda watu kuliko mafaili. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge, lakini kule alihifadhi viti tu. Kazi aliifanyia barazani, penye kahawa na kashata, maana siri za Kariakoo haziwezi kupanda ngazi.

"Mama Upelelezi, umechelewa!" muuza miwa alimdaka. "Mwizi wa lenzi keshakamatwa."

"Kakamatwa na nani?"

"Si sisi hapa tumemzingira!"

"Kumzingira mtu si kumkamata, baba. Hebu pisha, na miwa yako hiyo inaliwa na nyuki."

Ndani palikuwa na watu watatu na kiyoyozi kimoja kilichoshindwa kazi. Yasser, mwenye duka, mwanamume mnene wa ndevu za kuchongwa, alilirithi duka kwa babake pamoja na hasira. Maimuna, mpiga picha wa harusi, ushungi umemporomoka mabegani, kamera kaishika kama jiwe analotafuta wa kumrushia. Na kwenye kigoda, mgongo ukutani, Uledi, muuzaji wa dukani hapo, baba wa watoto wawili, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa kucheka. Leo hakuwa anacheka.

"Nimekuita kwa ajili ya huyu dada," Yasser alisema. "Kaniweka mtandaoni. Duka la baba yangu, Sitara! Watu wanaandika chini yake, 'Kariakoo feki tu,' 'Kariakoo feki tu,' mpaka shangazi yangu kanipigia kutoka Muscat kuuliza kama nauza simu za mbao."

"Na sijamaliza," Maimuna alisema. "Nimenunua lenzi mpya hapa. Nikaijaribu hapahapa kaunta, safi, inakata kama wembe. Nikamwachia huyu," akamnyooshea Uledi kidole, "anishikie begi nishuke Feri kumnunulia bibi yangu samaki. Nimerudi, kanipa begi, nikaenda zangu. Kesho yake harusini, kila picha ya bibi harusi ukungu mtupu! Kanibadilishia. Nzima kaificha, mimi kanipa kimeo."

"Dada Maimuna, wallahi..."

"Usiape, Uledi. Hata kiapo chako sijui kama ni orijino."

Umati mlangoni uliangua kicheko. Uledi akainamisha kichwa.

"Mimi sina maneno mengi," Yasser alisema, akivaa kofia yake. "Karibu naenda kuswali alasiri. Nikirudi sina jibu, nampeleka kituoni kwa mkono wangu, na hapa hatakanyaga tena."

"Kituoni nitatoka, bosi," Uledi alisema polepole. "Lakini nani Kariakoo atanipa tena funguo za duka lake? Jina likichafuka huku halina sabuni."

Maneno yale yalimwingia Sitara. Alivuta kiti, akanyoosha mkono. "Nipeni hiyo lenzi."

Ilikuwa nyeusi, nene kama kikombe cha uji, nzito kuliko alivyotegemea. Aliinua mpaka puani. Mazoea ya kazi: kitu chochote alikinusa kwanza, kisha ndiyo akakihoji.

"Inanukia udi."

"Harusini hata nzi walinukia udi," Maimuna alisema. "Sherehe ya wanawake watupu, chetezo kila kona. Ninuse na mimi."

Sitara akamnusa. Kweli, baibui zima lilikuwa udi. Akaliacha hilo. Akageuza lenzi, akapitisha kidole kwenye ule mpira wa kuzungushia. Upande mmoja palikuwa na alama: mistari hafifu iliyopishana, kama mtu kaiminya kwa koleo lenye meno.

"Mpya ilikuwa na alama hizi?"

Yasser akamtazama Uledi. Maimuna akamtazama Uledi. Mtu mwerevu angesema ndiyo, ilikuja nazo kutoka kiwandani.

"Hapana," Uledi alisema. "Mimi ndiye niliyeitoa kwenye boksi. Haikuwa na hata mkwaruzo."

Sitara akaliweka neno hilo mahali pake. Mtu anayejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe ama ni mjinga, ama ni mkweli.

"Tumwone bibi harusi."

Maimuna alichomeka kadi kwenye kompyuta ya duka, akageuza kioo kisielekee mlangoni. Picha za sherehe ya wanawake si za macho ya wanaume. Kabla hajamwambia mtu kitu, Uledi alikuwa amekwishageukia ukutani. Yasser akafuata, akijikohoza.

Picha ikafunguka, na Sitara akasahau alichotaka kuuliza.

Kwenye jukwaa palikuwa na ukungu wenye umbo la bibi harusi. Dhahabu zake zilikuwa mwanga usio na ukingo, macho yake mashimo mawili ya wanja. Lakini nyuma yake kidogo, juu ya ukingo wa kiti, palikuwa na mkono wa kungwi aliyekuwa akimpepea, na mkono ule, Mungu wangu, ulikuwa hai kuliko mikono ya watu waliosimama pale dukani. Hina ya vidoleni, kila mchirizi. Mikunjo ya kifundo. Mshipa uliovimba kwa kupepea. Tone la jasho lililoning'inia, halijaamua liangukie wapi.

"Subhanallah," Sitara alinong'ona.

"Nilimpiga picha bibi harusi, siyo kungwi!"

"Nakuelewa, mama. Lakini kitu kibovu hakioni. Hiki kinaona kuliko sisi sote humu ndani. Kinaona pasipotakiwa. Hebu inayofuata."

Inayofuata, hivyohivyo. Na nyingine, na nyingine. Bibi harusi kila mara ukungu, na kilicho nyuma yake kidogo kinang'aa: shada la asmini, kishikizo cha pazia, kipini cha puani cha shangazi aliyechungulia. Lenzi ilikuwa kama imeapa kutomtazama mwenye shughuli. Sitara alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kosa halikuwa la ovyoovyo. Lilikuwa na adabu yake: daima nyuma, daima kiasi kilekile. Na kitu kingine. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa mkali kuliko wa kulia, kila mara.

"Uledi, geuka sasa. Nani ana futi ya kupimia nguo?"

Fundi nguo wa ng'ambo ya barabara aliitupa juu ya vichwa vya watu, ikadakwa. Sitara aliilaza juu ya maboksi yaliyopangwa kama ngazi, ikapanda kutoka kaunta kuelekea ukutani. Akamwambia Maimuna aweke kamera kwenye stendi, alenge tarakimu ya katikati, na aiachie otofokasi, ile ya kamera kujilenga yenyewe, ifanye kazi yake. Aliyafahamu mambo ya bunduki zaidi ya kamera, lakini shabaha ni shabaha. Kabla hujamlaumu mpigaji, unaifunga bunduki mezani.

"Weka kwanza lenzi yako ya zamani."

Klik. Tarakimu ya katikati ilisimama wima, safi.

"Kamera haina kosa. Weka hii mpya."

Klik. Ya katikati ikawa moshi. Zilizokuwa kali ni tarakimu za nyuma, upande wa ukutani, umbali wa shibiri moja.

"Ivue, uifunge kwenye kamera ya duka."

Klik. Shibiri ileile, nyuma vilevile.

"Basi kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni lenzi," Sitara alisema. "Sasa tuulize kama ni ileile uliyoijaribu siku ulipoinunua. Ile picha ya majaribio bado unayo?"

Maimuna aliitafuta. Ilikuwa picha ya Uledi, nyuma ya kaunta hiihii, kinywa wazi kwa kicheko, kope zake zinahesabika. Ilikuwa ajabu kumwona vile, huku yeye mwenyewe amekaa chini yake, kanyauka kama mchicha wa jana.

"Kamera zinaandika ndani ya picha namba ya lenzi iliyopiga," Uledi alisema kwa sauti ndogo. "Fungua maelezo ya picha, utaiona."

Wakafungua. Wakasoma namba ya picha ya kicheko. Wakasoma ya picha ya ukungu. Wakasoma iliyochongwa kwenye lenzi, na ya kwenye boksi. Zote moja.

"Haikubadilishwa," Sitara alisema.

Umati ukatoa "Aaah!" ya masikitiko, kama timu imekosa penalti.

"Basi kaiangusha!" Maimuna alisema. "Au kaifungua kwa koleo. Alama si hizo?"

"Mpaka hapa Uledi si mwizi," Sitara alisema akisimama. "Bado anaweza kuwa mwongo. Yasser, kaa naye. Naenda Gerezani kwa mafundi, kuna mtu anayejua ndani ya vitu hivi."

"Na mimi nakuja," Maimuna alisema. "Lenzi hii haitoki tena machoni pangu."

Walikatiza Msimbazi basi la mwendokasi likipita kwa mlio wake wa kiburi, wakaingia Gerezani, kwenye vibanda vya gea boksi, rejeta na injini zilizolala kifudifudi kama mbuzi wa Idi. Katikati ya vyuma vile, kwenye kibanda kisafi kuliko chumba cha wagonjwa, alikaa Aaron, fundi wa kamera, kioo cha kukuzia kimemkalia kwenye paji la uso kama jicho la tatu.

"Afande mstaafu!"

"Sijastaafu, nimehama. Hii imeangushwa, au imefunguliwa?"

Aaron aliizungusha chini ya taa, akiguna. "Kuangushwa hapana. Ukingo haujapinda. Kufunguliwa hapana. Rangi ya kiwandani bado iko juu ya skrubu, hajaigusa mtu."

"Na hizi alama za koleo?"

"Koleo linauma pande mbili, mama. Hii imeumwa upande mmoja." Akabonyeza mpira kwa kucha. "Hii ililalia kitu, mpira ukiwa laini. Imepikwa. Nimeziona nyingi. Mtu kaiacha kwenye gari, juani, madirisha yamefungwa."

"Gari la nani?" Maimuna alidakia. "Mimi mtu wa bodaboda. Na Uledi anatembea kwa miguu mpaka Ilala."

Aaron akainua mabega. Hoja ya jua la gari ilikufa hapohapo, na Sitara hakuililia. Gari hupika kitu pande zote. Hii ilipikwa upande mmoja, uleule wa alama.

"Ifungue."

Skrubu zilitoka moja moja, zikakaa kwenye kifuniko cha chupa. Aaron alitoa ganda, na ndani yake zikaonekana glasi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, zina rangi ya zambarau na kijani kama shingo ya njiwa. Aligusisha waya, na glasi moja ikateleza mbele na kurudi, kimya, upesi, kama mboni ya mtu aliyeshtuka usingizini.

"Yenyewe inajuaje pa kusimama?" Sitara aliuliza. Hakutambua kwamba ameshusha sauti kama mtu aliyeingia msikitini.

"Kamera inaugawa mwanga mara mbili," Aaron alisema. "Chukulia ni mapacha, kila mmoja anapita njia yake. Kamera inawauliza, mmekutana? Wakisema bado, glasi inasogea. Mmekutana? Bado kidogo. Inasogea. Mpaka waseme tumekutana."

"Yote hayo kwa muda gani?"

"Hujamaliza kupepesa jicho."

Sitara alitikisa kichwa. Kazini kwake aliwahi kuhoji mapacha wa kweli siku nzima wasikutane kwenye neno moja. Na huku, ndani ya kikombe cheusi, jambo hilo lilitendeka kila mwanamke alipotabasamu ukumbini. "Na glasi moja ikiinama?"

Aaron alimwonyesha. Kipete cha plastiki kilichoshika glasi ya kati kilikuwa kimelegea upande mmoja kwa unene wa unywele. "Mapacha bado wanakutana. Ila si nyumba uliyowaelekeza. Wanakutana kwa jirani."

Akaitoa glasi ile na kuiinua kwenye taa. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya chai. Na hapo, katikati ya harufu zote za Gerezani, za grisi na matairi na chapati, ikatoka harufu nyingine.

"Nusa," Sitara alisema.

"Udi," Aaron alisema, akashangaa. "Udi huku ndani?"

"Moshi wa ukumbini ungefika hapo?"

"Kwenye lenzi iliyopoa? Haingii. Labda iwe imepata moto, hewa yake ikatanuka ikatoka. Halafu wakati wa kupoa ikavuta pumzi, na ikavuta kilichokuwepo karibu."

Sitara akaipokea glasi, akainusa tena. Tangu dukani harufu ile ilikuwa puani mwake, naye kaifukuza kwa sababu ilikuwa na kisingizio kizuri. Moto na udi, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Kutoka chini, upande mmoja. Na mistari iliyopishana.

"Maimuna," alisema taratibu, "nyumbani kwenu nani anafukiza nguo?"

"Bibi yangu," Maimuna alijibu haraka, kisha mdomo ukabaki wazi, kama mtu aliyetaja jina la maiti kabla ya wenye msiba.

Aaron aliirudisha lenzi kama ilivyokuwa, kosa lake likiwa bado ndani. Maimuna akatangulia kuonyesha njia ya nyumbani.

Nyumba ilikuwa Narung'ombe, ya chini, ya zamani, imebanwa na maghorofa mawili kama mzee aliyekaa kati ya mabaunsa. Walimkuta Bi Zeina uani. Alikuwa mwembamba, mgongo wima, anafukiza baibui lake. Juu ya chetezo palikuwa na tenga la fito nyembamba zilizopishana, na juu ya tenga baibui limetandazwa kama hema. Moshi ulipenya kwenye vitundu vya fito, ukapanda, ukakutana na mshipi mmoja wa jua uliofanikiwa kupita kati ya maghorofa. Pale ulisimama. Uligeuka fedha. Sitara alibaki mlangoni, hana haraka tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmeingia kama watu wa taarifa ya msiba? Maimuna, mpe mgeni mkeka."

Sitara hakukaa. Aliinua pembe ya baibui, akailaza lenzi juu ya tenga, upande wenye alama chini. Fito ziliingia kwenye mistari ile kama mguu kwenye kiatu chake.

"Aa, kile kikombe cheusi!" Bi Zeina alisema kwa furaha. "Nimekifukiza mimi."

"Bibi!" Maimuna alisema.

"Bibi nini? Kitu kipya kiingie nyumba hii bila moshi? Babu yako alipoleta redio, niliifukiza. Cherehani niliifukiza. Friji ilinishinda kuinua, nikaizunguka na chetezo. Wewe mwenyewe ulipotolewa nje, kipande cha nyama tu, nilikufukiza, ndiyo maana husuda za watu hazikupati."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili unicheke? Ulikuwa umelala, una harusi kubwa kesho yake. Nikakivua kofia zake zote mbili, baraka zipite. Nikakilaza vizuri. Nikakisomea Ayatul Kursi. Sikutaka kukiacha muda mrefu, ila ndiyo akaingia jirani na habari za yule bwana harusi..."

"Habari gani?" Sitara aliuliza kabla hajaweza kujizuia.

"Kumbe ana mke Tanga!"

"We!"

"Nakwambia! Na watoto! Basi hapo, mwanangu, hata wewe ungesahau makaa."

Sitara angesahau, na alijua. Alimtazama bikizee yule, macho yanang'aa kwa habari, vidole vina harufu ya ubani na bizari ya samaki. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wakiharibu vitu kwa wivu, kwa tamaa, kwa ulevi, kwa uvivu. Hakuwahi kuona uharibifu uliofanywa kwa dua nyingi namna hii. Karibu apige magoti.

"Kwani kimeharibika?" Bi Zeina aliuliza.

Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa karibu, ikadakwa na wa pili, na wa tatu, mpaka anga lote juu ya mabati likajaa. Maimuna alikaa chini kwenye mkeka. Sitara alimwacha. Palikuwa na njia nyepesi, na wote wawili waliiona: kusema lenzi ilikuja na ubovu wake, bibi asiaibike, na aliyetangaza mtandaoni asiaibike pia. Uledi hangejua kamwe.

"Bibi," Maimuna alisema hatimaye, "kuna mtu anapelekwa kituoni kwa ajili ya lenzi hii. Nimemwita mwizi mbele za watu."

"Nani?"

"Uledi, wa dukani kwa Yasser."

Bi Zeina alisimama. "Nipe baibui langu."

"Bibi, bado lipo kwenye moshi."

"Nipe hivyohivyo."

Harufu ilifika Aggrey kabla yao. Umati, uliokuwa umenenepa maradufu, uligeuka kuangalia nani anaolewa, kisha ukapasuka katikati. Yasser alikuwa amesharudi kutoka kuswali. Alisimama mlangoni, mkono wake umemshika Uledi juu ya kiwiko, na bajaji inanguruma inawangoja.

"Shikamoo, bibi," Yasser alisema, kashtuka.

"Marahaba. Muachie mtoto wa watu mkono. Aliyeharibu ni mimi."

Hata mashine ya miwa ilizimwa. Bi Zeina akaeleza yote, redio, cherehani, friji, kofia mbili, Ayatul Kursi. Bwana harusi tu alimruka, maana hata umbea una mahali pake. Sitara akaongeza machache yaliyohitajika: glasi, kipete, tenga. Yasser aliachia mkono kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mwizi ni bibi?" muuza miwa aliuliza.

"Ndiyo," Bi Zeina alisema. "Haya, nizingireni."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka Msimbazi. Uledi peke yake hakucheka. Alikuwa ameegemea mlango, kama mtu aliyeshushwa mzigo na bado mwili haujaamini.

Maimuna alitoa simu, akalifuta lile tangazo, akamwonyesha Yasser kwamba kalifuta. Kisha akafunga lenzi kwenye kamera yake.

"Unafanya nini?" Sitara aliuliza. "Si inakosea?"

"Inakosea shibiri moja nyuma," Maimuna alisema, "na upande wa kushoto ndio mzima. Umenifundisha wewe."

Bi Zeina alikuwa amemfikia Uledi. Aliunyoosha mkono mbele ya uso wa Uledi, kiganja juu, jinsi watu wa pwani wanavyoomba radhi kwa mtu waliyemkosea. "Nisamehe, mwanangu. Na mjukuu wangu umsamehe." Uledi akainama. Nyuma ya bega la bibi, Maimuna alipiga goti moja barabarani, akamweka Uledi upande wa kushoto wa picha, akalenga mkono wa bibi. Siyo uso. Mkono.

Klik.

Akaitazama picha muda mrefu, kisha akampa Sitara kamera. Sitara akaipokea kwa mikono miwili.

Mkono wa Bi Zeina ulikuwa moshi, moshi mweupe unaopanda kutoka chini ya picha. Na nyuma yake, shibiri moja, pale mapacha walipokutana, palikuwa na uso wa Uledi: kila kope, vumbi la Aggrey kwenye nyusi, chozi limesimama kwenye ukingo wa jicho, na ndani ya chozi, mdogo kama punje ya ulezi, mlango wa duka ukiwa wazi.

Maimuna aliiweka picha ile mtandaoni, palepale lilipokuwa tangazo. Chini yake aliandika jina lake kamili, kisha: *Huyu ndiye niliyemwita mwizi. Mtazameni vizuri.*